Trekta Jipya na Lile Dogo la Jirani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Singe tu wazima, mama yako anapalilia mahindi. Umeniuliza ununue trekta la zamani au jipya lenye nguvu zaidi za farasi.

Miaka ile ya ujana wangu vipuri havikupatikana. Trekta letu jipya likafa injini shambani, na mvua imeshaanza. Jirani yetu Baba Paulo akaja na lake dogo, la zamani, akatulimia shamba lote.

Nikamwuliza baba yangu, "Lenye nguvu limekufaje kwanza?"

"Hata mimi sielewi. Labda tulilitwisha mno kwa kuwa lina nguvu."

Msimu uliofuata lile dogo nalo likafa. Tukaenda kumlimia Baba Paulo kwa majembe.

Sijui nikushauri lipi, mjukuu wangu. Ila huko ulikohamia, umeshafahamiana na majirani?

Babu yako