Mashine ya Matiri, Injini ya Mbamba Bay

Jumatatu, 9 Juni 2025
Mama Otilia, bosi wetu, kaja na sheria mpya hapa karakana. Kila Jumamosi mchana tunafunga mlango, fundi mmoja anamfundisha mwenzake. Mafundi wenyewe tuko wawili! Mimi injini za boti kule Mbamba Bay, Tadei mashine za kumenya kahawa kule Matiri. Eti mmoja akiugua, kazi isilale. Sawa, mama. Ila mimi hakuna aliyenifundisha. Niliunguza injini mbili, zote za kwangu, ndipo nikajua. Hiyo ada nani atanirudishia?

Jumamosi, 14 Juni
Zamu ya Tadei. Kaongea saa nzima. Nikamuuliza: kati ya ngoma ya mashine inayozunguka na bamba lake unaacha nafasi kiasi gani? Maana ikibana inavunja punje, ikilegea kahawa inapita na ganda lake. Nataka namba. Kacheka — Karimu bwana, jicho lako litakuambia. Jicho!

Jumamosi, 21 Juni
Zamu yangu. Nimefungua kabureta mbele yake, nikaifunga. Skrubu ya hewa unaikaza hadi mwisho, kisha unairudisha mzunguko mmoja na nusu. Hilo sikulisema. Kauliza, nikamjibu sikio lake litamwambia. Tuko sare.

Jumatano, 2 Julai
Mama katuita. Wanangu, si mmeshafundishana? Basi kesho mbadilishane. Mimi Matiri, Tadei Mbamba Bay. Tumeitikia sote, "Sawa, mama." Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Alhamisi, 3 Julai — Matiri
Saa nane mchana. Punje zinatoka zimevunjika. Nimelegeza — sasa zinapita nzima nzima na maganda yake. Mama Kunigunda, wa kwanza kwenye foleni, kaniuliza kwa upole: "Baba, kwani Tadei anaumwa?" Nyuma yake wakasema kitu kwa Kimatengo, lugha yao, wakacheka. Ndoo arobaini na tatu. Zisipomenywa leo, kesho zimechacha.

Nimempigia Tadei. Inatumika. Tena — inatumika. Kumbe naye ananipigia mimi!

Kapatikana. Yuko ufukweni, boti imejaa abiria, injini inakohoa na kuzima. Kaka, ile skrubu... Nikamuuliza, na ile nafasi ya ngoma? Naye: anza wewe, nina watu huku. Nami: anza wewe, nina kahawa ya watu huku.

Hajakata, sijakata. Simu iko juu ya gunia, naandika. Nasikia mtu kule kwake anamuuliza kama yeye kweli ni fundi. Mama Kunigunda kaisogeza ndoo yake hadi miguuni kwangu.

Dakika zangu za maongezi zimebaki nne.