Jina Lako Kwenye Mstari wa Mtunzaji

Jumatano, Mfungo Tano. Asubuhi rasharasha, kisha jua kali.

Mdogo wangu Saidi,

Leo nimelifuta jina lako. Nataka ulisikie kwangu.

Tulianza barazani, tunachambua karafuu, kompyuta yako juu ya ndoo. Kila neno langu likatiwa mstari mwekundu. "Wee dada, mashine haikujui!" ukacheka. Ukawaandikia wale wa nchi za mbali wanaojitolea kutengeneza mfumo wa kompyuta, wakakupa sehemu inayokagua tahajia ya Kiswahili uitunze. Mimi nikakusanya maneno daftarini, wewe ukayaingiza. Tukigombania neno moja mpaka mama anapiga kelele: "Nyie maulamaa, karafuu zinanyeshewa!"

Desturi yao ni mtunzaji mmoja, jina moja, mstari mmoja kwenye orodha yao. Akinyamaza, humwuliza. Asipojibu, sehemu yake hupewa mwingine.

Barua yao ilikuja siku ya pili baada ya hitma ya maziko yako. "Saidi, bado upo?" Nywila yako nilikuwa nayo. Nikajibu: "Nipo."

Nisamehe. Miezi saba nimetuma maneno kwa jina lako. Wakikushukuru, nalia jikoni.

Wiki iliyopita mmoja wao akaandika anataka kukupigia simu. "Tuisikie sauti yako tu, rafiki." Sauti yako ningeitoa wapi, Saidi?

Nikakiri yote, nikangoja wanifukuze. Msimamizi wao, bibi mmoja, akajibu: "Pole sana. Yupo bwana ameomba kuichukua sehemu hii. Lakini maneno ya miezi saba yalikusanywa na nani?" Nikamwambia, na mimi. Hata yale ya kwanza. "Basi amua wewe. Ukiitaka, badilisha mstari kwa mkono wako."

Siku mbili sikula vizuri. Nikimwachia yule bwana, utafutwa na mtu asiyekujua. Nikiichukua, nakufuta mimi.

Leo saa nne asubuhi nimeanza, herufi moja moja kutoka mwisho. Ilipobaki ya kwanza nikainuka, nikaenda kuteka maji ambayo hayakuhitajika. Nikarudi, nikaifuta. Nikaandika langu.

Chini wanataka sababu ya mabadiliko, sentensi moja. Nimeandika: "Mtunzaji wa kwanza amefariki." Tangu tukuzike sikuwa nimeliandika neno hilo popote.

Mola akupe kauli thabiti, mdogo wangu.

Dada yako

Nalala sasa, saa tatu na robo usiku.