Jibu Lililochelewa, Chini ya Tangazo la Viatu

Tata, baba yangu mpendwa,

Nimehama. Si kutoka Muleba, huko bado nafundisha na chaki bado inanikausha vidole. Nimeihamisha blogu yetu. Ile ya zamani nimeifunga, sasa tuko kwenye jukwaa jepesi mpaka linatia aibu: ukurasa mweupe, mahali pa kuandika, kitufe cha kuchapisha, basi. Najua ungeniuliza, "Na wageni watakaa wapi?" Nitafika hapo.

Nilichoka, Tata. Wewe kazi yako ilikuwa kuandika tu. Uliandika kwenye daftari habari za kibanja, migomba iliyonyauka, kahawa iliyokawia kuiva, nami kila Jumamosi nikija nyumbani Kanazi nilikaa barazani nikazichapa. Ya nyuma ya pazia hukuyaona. Kila nikifungua, kuna kitu kinadai kusasishwa, na nikikisasisha hicho, kingine kinagoma. Unaikumbuka ile Pasaka blogu ilipogeuka ukurasa mtupu? Ulinipigia simu mara tatu kabla ya misa. "Koku, mlango umefungwa, watu wamesimama nje." Nikakujibu kwa ukali kwamba watu hao wako Dar es Salaam na kwingineko, wamekaa vitini kwao, hakuna aliyesimama. Nilimsikia Mama akikuambia uje unywe chai, inapoa.

Lililonichosha kuliko yote lilikuwa matangazo, yale maoni yanayobandikwa na mashine. Ulipopata simu janja na kujifunza kujibu wasomaji mwenyewe, nilidhani nimepata msaidizi. Kumbe wewe hukubagua. Mashine inaandika, "Habari mpendwa, hujambo? Tuna mikoba mizuri," na chini yake naona jina lako na lile "waitu" lako la heshima: "Sijambo waitu, asante kwa kupita. Mikoba hatuhitaji kwa sasa. Huko mvua imenyesha?" Siku ya kwanza nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Siku ya kumi nilikasirika.

"Tata, hiyo ni mashine."

"Mashine haikuzaliwa na salamu mdomoni. Kuna mtu kaifundisha."

Kwako jibu lilikuwa kama zile kahawa za kutafuna anazoleta Mama kwenye kikapu kidogo. Hata aliyekuja kugombania mpaka wa shamba, kwanza anatafuna, ndipo aseme. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ulivyokuwa ukiniambia, nami nilikuwa nahesabu mashine ngapi zitatuponya.

Tulipokuzika sikuandika tena. Mashine ziliendelea kuja na salamu zao na hakukuwa na wa kuzijibu. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenionyesha hili jukwaa jipya. Waliolitengeneza hutuma barua fupi kila mwezi kueleza walichoongeza, nami naisoma kama ninavyosikiliza matangazo baada ya ibada, nusu nimelala, nikingoja linalonihusu. Mwezi mmoja herufi zikaweza kukuzwa. Mwezi mwingine ukurasa ukaweza kuwa mweusi, sijui kwa faida ya nani. Kisha wakasema sasa unaweza kuleta makala zako za zamani pamoja na maoni yake yote. Hapo nikaamka.

Kabla ya kuhamisha, jukwaa liliyakusanya matangazo yote mahali pamoja, na majibu yako yakiwa chini yake, likaniuliza: yafutwe? Kidole kilishafika kwenye "ndiyo". Nikasema ngoja nisome kidogo, nicheke mara ya mwisho.

Lilikuwa tangazo la viatu. "Habari ndugu, unaendeleaje? Tunavyo viatu vya ngozi." Nawe chini yake: "Viatu ninavyo waitu. Kuendelea, siendelei vizuri. Huu ni mwezi wa tatu tumbo linaniuma na chakula hakikai. Nyumbani sijawaambia. Binti yangu amechoka na kazi, na hii blogu nayo inamchosha, sitaki kumwongezea. Ninyi huko wazima?"

Nikaangalia tarehe. Ilikuwa miezi saba kabla hatujakupeleka hospitali mjini Bukoba.

Daktari alituuliza kwa nini tumechelewa. Mimi ndiye niliyemjibu, tena kwa kujiamini, kwamba mzee hakuwahi kulalamika. Neno hilo ndilo lililonibeba tangu siku hiyo. Nilimwambia Mama kwamba wewe mwenyewe hukujua. Msibani niliwaambia watu hivyo hivyo. Kumbe ulijua, na ulisema, mbele ya dunia nzima, kwenye blogu ambayo mimi ndiye msimamizi wake. Maoni yale yalipita mikononi mwangu. Niliona ni ya mashine, nikayaruka.

Nisikufiche, nilikukasirikia. Muuza viatu unamwambia, mimi unanificha? Niliosha vyombo vilivyokuwa safi. Hasira ilipopungua likabaki jambo moja ambalo siwezi kuliosha. Yule alikuuliza unaendeleaje. Mimi nikishuka kwenye pikipiki Jumamosi, salamu nilitoa, ndiyo, lakini ilikuwa ya kupita nayo, na neno lililofuata lilikuwa, "Daftari liko wapi?"

Sikufuta kitu. Nilihamisha yote, mikoba, viatu, dawa za nywele, na majibu yako yote. Lakini yalifika kama picha za ukutani, unayatazama tu, huwezi kujibu. Nikawaandikia wenye jukwaa. Wakanijibu kwa adabu kwamba ombi langu limepokelewa na liko kwenye orodha. Nikasubiri. Kahawa ikavunwa. Senene wakaja, wakaisha. Barua ya kila mwezi ikawa inaleta vitu nisivyovihitaji, nami naisoma mpaka nukta ya mwisho. Mwenzangu akaniuliza kwa nini nisiandike tu makala mpya nikasema ninachotaka kusema. Nikamwambia mtu anajibiwa pale aliposemea.

Wiki hii imekuja. Sentensi moja tu, karibu na mwisho wa barua: sasa unaweza kujibu maoni ya zamani uliyoyahamisha. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Niliisoma mara mbili nikaweka kalamu chini.

Leo ni Jumamosi, nimekuja Kanazi. Nilimsomea Mama maneno yako, maana sikutaka ayasikie kwa majirani. Alisikiliza kikapu cha kahawa kikiwa mapajani. Kisha akasema, "Nilimwona anabakiza chakula. Nikamuuliza. Akasema ni meno." Hakulia. Alinisogezea kikapu, tukatafuna wote wawili, kisha akaenda kuangalia jiko.

Kwa hiyo wageni wanapo pa kukaa, Tata. Maoni nimeyafungua. Mashine zikija nitajibu nitakazoweza, na nyingine nitaziacha, maana mimi si wewe. Shamba halijambo. Ile migomba ya upande wa chini tuliing'oa, tumepanda mingine, na nikipata nguvu nitaiandika habari yake kama ulivyokuwa unataka.

Nakuaga hapa bloguni, ili watu wasome. Lakini jibu langu kwako sikuliweka kwenye barua hii kwanza. Nililiweka kule, chini ya maneno yako, chini ya viatu vya ngozi. Lilinichukua asubuhi nzima na ni fupi:

"Nimechoka kweli, Tata. Lakini ungeniambia. Ningekuja nikiwa nimechoka hivyo hivyo."

Binti yako,
Koku