Zakaria au Chong'

Mpendwa Baba Elia,

Mjukuu tumepata, wa kiume. Kesho wakwe zetu, wazazi wa Mei, wanakuja hapa Laurel, Marekani, kulitaja jina lake mbele ya ndugu. Jina lenyewe si lako.

Unakumbuka siku Elia alipotuletea Mei, mchumba wake? Ulinifuata jikoni ukaninong'oneza, "Awe Mchina, awe Mmarekani, mtoto wa kwanza wa kiume ni Zakaria." Nikacheka. Ulishaanza kuugua, na bado unagawa majina!

Basi juzi nikaharibu. Nilimpakata mtoto mbele ya baba yake Mei, nikamtania kama bibi yeyote: "Zakaria, mume wangu mvivu, umelala tu, nani atanilisha?" Mzee akauliza nasema nini. Elia akamtafsiria, mzee akaweka kikombe chini. Kumbe kwao mtoto hapewi jina la babu yake. Ni kumvunjia heshima, sembuse babu marehemu, sembuse kumwita mvivu.

"Mama, please, usim-call hivyo tena," Elia alininong'oneza. "Kwao ni mwiko."

Niliona aibu, na hasira pia. Kwetu kutoliita jina lako ndiko kukutupa.

Mzee hakugomba. Alichukua kalamu akaniandikia jina alilochagua, herufi moja tu ya Kichina, adimu hata Mei ilibidi aitafute kwenye simu. Inasomwa Chong', sauti ikae juu, isishuke. Upande mmoja wa herufi ni alama ya manyoya, upande wa pili alama ya "katikati". Maana yake ni ndege kupaa moja kwa moja juu. Nimelifanyia mazoezi nikiosha vyombo, nimelifanyia mazoezi kwenye treni mpaka watu wakanitazama, na sauti bado inashuka. Naogopa kesho nitafungua mdomo litoke lako.

Elia kasema nikikataa halitatajwa. Nitakubali. Jina ni zuri, siwezi kudanganya, na sitaki mtoto aanze maisha katikati ya ugomvi wa wazee.

Lakini roho haitulii, Baba Elia. Mwanao alikuita baba, mimi nilikuita kwa jina la mwanao. Huyu mjukuu ndiye niliyemtegemea aitwe Zakaria shuleni, uwanjani, na watu ambao hata hawakukujua.

Pumzika, mume wangu. Ila nijibu hili: wageni wakishaondoka, nikiita Zakaria humu ndani, nani ataitika?

Mkeo,
Mama Elia