Pale Ulipoinua Jembe

Mpendwa Babu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Kila mvua inapoanza kupiga mabati yetu hapa Nyakabiga, nasikia jembe lako. Linachimba, linachimba, kisha linanyamaza, halafu linaanza tena mbele kidogo. Kama ninasoma, naweka kidole kwenye mstari na kungoja. Ule ukimya naujua ni wa mahali gani.

Ulikuja kwetu Bujumbura kiangazi kile ukiwa umevaa koti lako la harusi, redio ndogo mfukoni. Redio ilikuwa imetangaza kwamba serikali inawasaidia wakulima wa vilima vikavu vya kaskazini kulinda udongo wao: miche ya miti, majani ya kupanda kwenye kingo za mitaro, na tangi la kuvuna maji ya mvua. Kwenu Bugesera ziwa linaonekana kutoka shambani, lakini maji yake hayapandi kilima, na mvua ikinyesha inabeba udongo na kuondoka nao. Majirani walikuwa wameanza kuuza. Mjomba Elie alitaka na wewe uuze. Ulimjibu kwamba utauza ukishaiuliza serikali.

Nilikusindikiza mjini, kwenye ofisi za kilimo, kwa sababu ya Kifaransa cha huko, na pia kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi. Bwana wa mapokezi aliliangalia koti lako.

"Muzee, unatafuta nani?"

"Natafuta serikali."

"Yote?"

"Apana. Ile kidogo ya majani."

Alicheka mpaka akavua miwani. Ukanisukuma mbele, mimi niliyetamani kujificha nyuma yako. "Huyu mujukuu wangu," ulisema. "Hasemi sana, lakini anasomaka."

Nilisoma kila kibandiko kwenye kila mlango mpaka tukaupata ule wetu. Mama tuliyemkuta humo ndani alikueleza taratibu, kama anayemweleza baba yake. "Chimba mitaro ikate shamba lote, muzee, usiache mahali wazi. Agronome, bwana shamba wa kule, atapita. Akiona iko sawa, anakuandika kwa ule musaada."

Njiani kurudi ulitembea haraka kuliko mimi.

Likizo ilipofika nilikuja kukusaidia. Ulikuwa na zile fito tatu ulizozifunga pamoja, jiwe likining'inia katikati, na ulizihamisha hatua kwa hatua ili mtaro usipande wala kushuka. Mimi nilichomeka vijiti nyuma yako. Tulipofika katikati ya shamba, karibu na miguu ya migomba, uliinua jembe, ukavuka kipande kama cha urefu wa mkeka, ukaanza kuchimba upande wa pili.

Nilikuwa na kijiti mkononi na sikujua nikichomeke wapi. Sikuuliza. Labda ndiyo sababu uliniambia.

"Mutoto wangu, mukubwa wa mama yako, ako hapa," ulisema. "Wakati wa vita Bibi yako alikimbia na wadogo. Mi nilibaki naye, homa ilikuwa imemukamata. Sikuweka musalaba. Niliogopa."

Ulichimba kidogo, kisha ukaendelea bila kunitazama. "Bibi yako nilimuambia nimemuzika ku parokia. Angeweza namna gani kulima hapa, kama angejua? Na we usimuambie."

Kwa hiyo miaka yote ile Bibi alipiga magoti kwenye makaburi ya parokia mahali ambapo hapakuwa na mtu wake, na jioni akapita na kikapu cha maharage juu ya mtoto mwenyewe. Tangu siku ile sijaweza kumtazama akikanyaga shamba.

Uliondoka kabla agronome hajapita. Wakati wa msiba hakuna aliyegusa jembe, kama inavyotakiwa kwetu, na nilishukuru sana ule ukimya wa shamba. Halafu matanga yakaondolewa, agronome akaja, akaona pengo lako. Mjomba Elie alituletea habari hapa nyumbani, akila na kucheka.

"Anasema maji yatapita pale yabomoe mitaro yote. Hawezi kutuandika. Muzee alichoka tu, akaruka! Jumamosi naenda kupafunga."

"Na asipotuandika?" Mama aliuliza.

"Tunauza. Mununuzi ako."

Nilikuwa nimeshika kitabu. Sikugeuza ukurasa mpaka alipoondoka. Nikinyamaza, atamfukua mwanao. Nikisema asichimbe bila kusema kwa nini, atauza, na mtu mgeni atachimba. Usiku mvua ilinyesha, nikasikia jembe, lakini safari hii halikunyamaza mahali pale. Liliendelea.

Babu, nisamehe au usinisamehe, sijui mambo hayo yanakwendaje huko uliko. Uliniachia siri kwa sababu sisemi sana. Nadhani ulitaka pia awepo mmoja wa kusema siku moja. Pumzika sasa. Sipendi kufikiri kwamba bado unachimba.

Hiki ndicho nilichofanya. Ijumaa baada ya masomo nilikwenda mtaa wa Jabe, kwenye duka la Mjomba Elie, nikamwambia mbele ya wateja, kwa sababu kama ningengoja watoke nisingeweza. Alifunga duka. Jumamosi tulipanda basi pamoja mpaka kwenu, tukamwambia Bibi. Aliuliza kichwa cha mtoto kimeelekea wapi. Nilisema sijui. Akakaa chini pale, na hakuna aliyemwinua.

Agronome alipoelezwa, alivua kofia. Alichukua fito zako, akapima mstari mwingine juu zaidi, kutoka mpaka hadi mpaka, ili maji yasimame kabla ya kumfikia mtoto. Tuliuchimba bila kuacha mahali wazi. Akatuandika. Mjomba alimpigia simu yule mnunuzi akamwambia shamba haliuzwi.

Jumapili iliyofuata Bibi alikwenda misa. Misa ilipokwisha hakupita makaburini. Alirudi moja kwa moja nyumbani, akavua viatu ukingoni mwa shamba, akaingia.

Mjukuu wako asiyesema sana