Programu za Mzee Nashon

Laini Saba, Kibera
20 Novemba 1997

Apiyo rafiki yangu,

Sasa? Natumai barua hii itakukuta una nguvu, na kwamba mama ameanza kula. Huku tuko wazima. Majirani wote wa ploti wanakusalimu, na maua yako ya kwenye mkebe nayamwagilia. Poleni tena kwa kumzika baba yenu, Mzee Nashon.

Acha nianze na habari za ofisini. Ndeti ameanguka! Unamkumbuka, yule wa tai nyekundu anayejiita injinia pale ofisini kwetu pa kupiga chapa, mtaani Kabiro. Unajua ni mimi niliyeunganisha kompyuta zetu nne na printa mbili kwa kile kisanduku kinachopokea kazi ya kila kompyuta na kuipeleka kwenye printa inayofaa. Wiki mbili nilitambaa chini ya meza. Moja ya DOS, mbili za Windows, na ile Macintosh tuliyopewa na kanisa, kila moja na ukaidi wake. Kompyuta zote zilipokubali, Ndeti alimwambia Madam Eddah, mwenye ofisi, kwamba kazi yote ni yake, mimi nilimshikia tochi tu. Tochi, Apiyo! Akafanywa meneja, mimi nikarudishwa kupiga chapa kadi za harambee.

Sikulia. Nilifuta mipangilio ya kile kisanduku, nikaiweka upya bila kuihifadhi. Kilifanya kazi vizuri tu, lakini stima ikipotea kingesahau kila kitu. Na Kabiro stima haikawii kupotea. Nilingoja siku kumi na moja, roho yangu imetulia kabisa.

Ilipotea Alhamisi iliyopita saa nne asubuhi. Iliporudi, hakuna kompyuta iliyoiona printa. Madam akamwambia Ndeti arudishe alivyofanya mwanzo. Alizima, akawasha, akakipiga kisanduku makofi, jasho likalowesha tai. Wateja walijaa mlangoni wakisema huyu jamaa ni bure kabisa. Saa kumi na nusu alikiri mbele ya wote kwamba kazi ile hakuifanya yeye. Niliinuka polepole, nikarudisha kila kitu kwa dakika ishirini. Kiti chake sasa ni changu, na utamu wake bado ninao mdomoni.

Sasa kaa chini, Apiyo. Alhamisi hiyo ndiyo kaka yako Ouma alisimama mlangoni pa ofisi tangu saa sita akingoja programu za mazishi ya baba, vile vijitabu vyenye picha yake, hadi akalazimika kukimbilia basi la saa kumi la kuja huko mikono mitupu. Nasikia mama aliuliza picha ya mzee iko wapi, na nyote mkamlaumu Ouma kwamba alichelewa. Hakuchelewa. Printa ingeweza kuungwa moja kwa moja na kompyuta kwa waya mmoja mfupi, na waya huo ulikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti nilichokalia. Nilijua ni kazi ya nani inayongoja. Niliiandika mwenyewe kwenye kompyuta. Nilitaka Ndeti akiri kwanza.

Ndeti simwombi msamaha hata leo. Ninyi nawaomba. Mwombeni Ouma radhi, halafu mnikasirikie mimi. Ndani ya kifurushi hiki mna programu zote mia moja na hamsini. Picha ya mzee imetoka safi.

Nisalimie mama, ukiona salamu zangu bado zinapokeleka.

Ni mimi jirani yako,
Rachael Nanyama