Chokaa ya Pasaka

Jumatatu, 1 Machi

Mukendi ameingia zamu ya asubuhi. Nimefua, nimetwanga sombe, majani ya muhogo, nimemkaripia mwanangu Kapinga kwa kuleta matope hadi sebuleni. Mvua haikatiki. Bombani mwanamke nisiyemjua aliiondoa ndoo yangu kwenye foleni, akaiweka mwisho kabisa. "Bilulu banywe nyuma." Bilulu, yaani wadudu. Ndilo jina letu siku hizi, sisi ambao wazee wetu waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba hapa Kolwezi. Watu wakacheka. Wachache hawakucheka, lakini nao hawakusema neno.

Nimemsimulia Mukendi. Anasema ni upepo, utapita. Mume wangu ni kapita kiwandani, anaamuru wanaume wazima. Kwa kutojua kusoma uso wa mtu, hana mpinzani.

Alhamisi, 4 Machi

Jirani wa ng'ambo ya njia wameondoka. Nao ni wa Kasai. Godoro kichwani, sufuria, watoto, wote stesheni. Kabla ya jioni dirisha lao lilikuwa na pazia la mtu mwingine. Majivu ya jiko lao hata hayajapoa.

Naogopa. Naandika hapa ili nisiseme mbele ya mtoto. Kapinga aliuliza wamekwenda wapi. Nikasema likizo.

Jumamosi, 6 Machi

Mukendi kaja na mfuko wa chokaa. Hapa kambini kwa wafanyakazi kila mwaka tunapaka nyumba kabla ya Pasaka, na shefu wa kambi hupita kuzitazama. Nyumba ni za kampuni, lakini nani anakumbuka hilo akiwa na brashi mkononi? Mwaka huu hakuna aliyepaka. Sisi tu.

Nilimwambia aache. Akanijibu kwamba anayepaka nyumba haondoki, na kwamba wakiiona nyeupe wataelewa. Kapaka kutwa, kati ya mvua na mvua. Kapaka hadi shina la mpapai. Watu walisimama njiani. Wengine walisifu, kijana mmoja akapiga mluzi. Mukendi alifurahi kama bwana harusi. Mimi niliwaangalia wale watazamaji na sikuwapenda. Hawakuwa wakimtazama mume wangu. Walikuwa wakitazama nyumba.

Jumatano, 10 Machi

Jana jioni mawe juu ya bati. Kapinga aliingia chini ya meza. Kisha nikasikia sauti ya Mama Monga nje, anawatukana vijana mmoja mmoja, na mama zao pia. Wakatawanyika.

Mama Monga ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Watu wake ni wenyeji, wa kaskazini mwa mkoa huu wa Katanga. Ndiye aliyembeba Kapinga siku ya ubatizo, na mtoto humwita Marene, mama wa ubatizo, hadi leo. Nilipojifungua alinipikia uji mwezi mzima. Mwanawe Kasongo, aliyeoa juzi na bado anaishi kwa mama yake, siku hizi anatembea na hao vijana. Mama Monga anasema anakwenda kuwatuliza.

Mukendi ana kampuni yake. Mimi nina Mama Monga. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 12 Machi

Wamemrudisha Mukendi getini. Mlinzi, mtu aliyesoma naye, amemwambia akapumzike kwanza. Hadi lini? Mlinzi akafunga geti.

Ameketi tangu asubuhi na viatu vya kazi miguuni. Hataki kuvivua. Hataki kula hata bukari, ugali wetu. Anasema wataniita, wataniita.

Jumapili, 14 Machi

Misa. Padri alihubiri amani. Mama Monga hakukaa kwenye benchi letu. Labda alichelewa.

Jumanne, 16 Machi

Hakuchelewa.

Amekuja leo mchana na sahani ya samaki iliyofunikwa kitambaa. Akaketi, akaanza kulia kabla ya kusema lolote. Nikadhani amefiwa. Nikamshika mkono, mjinga mimi.

"Mama Kapinga, ile nyumba bataikamata tu. Juu muliipaka, iko kama mupya, batu banaigombania. Heri akamate Kasongo, ye ni mutoto wenu. Mukimupa ufunguo juma hii, atawasindikiza na benzake mpaka ku stasioni. Hakuna mutu atamugusa Kapinga."

Nikamuuliza, na tukikataa?

Alinyanyuka, akapitisha kiganja ukutani, akatazama weupe kwenye vidole vyake. "Mulipaka muzuri," akasema. Akatoka.

Wanatuita wadudu. Wahenga nao walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sasa mdudu ni nani? Nimecheka peke yangu jikoni hadi nikaogopa kicheko changu. Samaki nimemwaga. Kisha nimemwokota, nimemwosha, nimempikia mtoto. Njaa haina kiburi.

Kinachoniuma si kwamba ananichukia. Hanichukii. Yale machozi yalikuwa ya kweli, namjua. Ananipenda, na ameshapanga kitanda cha mwanawe kitakaa wapi chumbani kwangu.

Jumatano, 17 Machi

Nimemwambia Mukendi yote, bila kupamba. Kwamba kampuni haitamwita. Kwamba yeye amezaliwa hapa, baba yake amezikwa hapa, na hayo hayatatusaidia kitu. Kwamba sote tulijidanganya, yeye kwa chokaa na mimi kwa rafiki. Kwamba yule kijana wa mluzi sasa anapita mbele ya nyumba kila saa, na Kapinga ni mtoto wa kike.

Alipiga meza. Akasema hatampa Kasongo hata msumari. Nikamwacha apige. Baadaye kidogo akainama, akafungua kamba za viatu, moja, halafu nyingine.

"Mi nilimupakia Kasongo," akasema.

Sikuwahi kumwona akilia. Sikumtuliza. Nilifunga mizigo.

Alhamisi, 18 Machi

Tumeondoka asubuhi. Kasongo mbele, vijana pembeni, sisi katikati kama ng'ombe wa mnada. Kila njia panda kundi jingine. Fimbo, nondo, nyimbo. Mmoja alishika mfuko wangu akavuta. Kasongo akamwambia, "Achana nabo, hawa beko bangu." Akauachia. Nimeokolewa na mtu anayenifukuza, na nilisema asante. Nilisema kweli. Mdomo ulisema wenyewe.

Mama Monga alisimama mlangoni. Mlangoni kwangu. Kapinga alimkimbilia, wakakumbatiana. Nilitaka kumvuta mtoto. Sikumvuta.

Jumatatu, 22 Machi

Stesheni. Watu wamejaa hadi kwenye reli, mashuka yamefungwa kwenye matoroli ya mizigo kuwa vyumba. Wengine walifika wiki nyingi kabla yetu. Wengine wamekufa hapa hapa wakisubiri. Mukendi amekwenda kutafuta maji. Kila akirudi anaulizia maneno ya Kiluba cha Kasai kwa mzee mmoja, kwa sababu huko kwetu tunakokwenda hakuna kati yetu aliyewahi kufika, na tutachekwa tukizungumza.

Alasiri mvua imepungua. Kapinga alikuwa amelala magotini mwangu, nikadhani kasinzia. Akauliza likizo itakwisha lini.

Nimechoka na hiyo likizo. Nikamwambia hakuna likizo, tumefukuzwa, haturudi. Marene hatakuja kututembelea.

"Najua, mama," akasema. "Mi nilijua tangu zamani. Niliogopa kukuambia, utalia."

Treni haijafika. Nimemfumua nywele, nimeanza kumsuka upya.